Waliosimama Langoni

Mvua ilikuwa imepungua kidogo pale mgeni alipopanda ngazi za kituo cha afya cha Isolelo. Hakubisha hodi. Alisimama kwenye kizingiti akichuruzika maji, ngumi ya kulia ameibana kifuani kama mtu aliyekamata kifaranga, na katikati ya vidole vyake ulikuwa unapenya mwanga wa kijani.

Tusekile Mwambene, tabibu pekee wa kituo kile, aliinuka kwenye kiti. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na bado alikuwa na mazoea ya kusimama kila mgonjwa anapoingia, mazoea ambayo wenzake wa mjini walimwambia yatamwisha. Alimkaribisha mgeni ndani. Mgeni akaja hadi mezani, akafungua ngumi. Kiganja chake kilikuwa kimechubuka kwa kushika miamba, na juu yake kilikuwapo kidude chembamba kama mbegu ya boga, kikiwaka.

"Naitwa Osia Tweve," alisema. "Nimeshuka kutoka Makete kwa miguu, barabara imekwenda na maji. Tumemzika mama wiki iliyopita. Hiki alikuwa nacho hapa." Akagusa chini ya mtulinga wake. "Wazee walikataa azikwe na taa inayowaka, ikabidi kitolewe. Dada, kila mtu aliona kwamba mama amekufa. Mchungaji aliona. Hiki peke yake ndicho kinachosema ni mzima."

Tusekile alimpa pole ya msiba, akampa na kanga kavu ajifute, kisha akapokea kile kidude kwa mikono miwili. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Kila mtu wa mwambao ule wa Ziwa Nyasa alimjua mlinzi.

Zamani, watu wenye baridi yabisi, ule ugonjwa ambao mwili huvigeukia viungo vyake wenyewe na kuvila, walimeza diklo, vidonge vya maumivu vya dukani, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, hadi figo zao zikafa kimyakimya. Mlinzi aliletwa ili jambo hilo lisitokee tena. Alipachikwa chini ya ngozi akiwa na dawa tumboni, dawa kali kuliko diklo yoyote, akawa anaitoa kidogokidogo kila maumivu yanapopanda, na papo hapo anaonja damu. Figo zikiwa salama aliwaka kijani. Zikianza kuchoka aliwaka njano na kupunguza dawa. Akiwaka nyekundu, alikuwa amefunga kabisa. Tangu aanze kazi Isolelo, Tusekile hakuwahi kuona nyekundu, wala njano. Alikuwa akijivunia jambo hilo kwenye barua zake kwa marafiki.

Alimweka mlinzi wa Mama Tweve juu ya mashine ya kusomea. Kwa kawaida mlinzi aliyetolewa mwilini hubaki na rangi yake ya mwisho mpaka asomwe, kwa hiyo taa peke yake haikumtisha. Kilichomtisha ni alichokisoma. Kwa mujibu wa mashine, figo za marehemu zilikuwa nzuri kuliko za tabibu anayezisoma.

Akamwomba Osia asimulie. Osia alisimulia akiangalia sakafu. Kwanza miguu ilivimba, wakasema ni kukaa sana. Kisha mama akaanza kujikuna, usiku na mchana, ngozi ikawa kama gome. Akachukia chakula. Pumzi yake ikapata harufu ya mkojo, na wajukuu wakawa wanaogopa kulala naye, jambo lililomuumiza kuliko yote. Mwishoni alikuwa analala tu.

"Tukimwamsha anacheka," alisema. "Anasema hakuna kiungo kinachomuuma hata kimoja. Alikufa bila maumivu, dada, na kwa hilo nashukuru. Lakini alikufa kwa nini?"

Tusekile alijua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Hizo zilikuwa figo, mwanzo hadi mwisho. Aligeukia tena mashine, akafungua picha iliyochukuliwa na Lango, ule mnara wa vioo wa kupimia mwili, siku Mama Tweve alipoandikishwa. Kwenye kioo alitokea mwanamke mwenye mabega mapana na mapaja yaliyojaa.

"Mama yako alikuwa mtu wa mwili?" aliuliza.

"Mama? Mama alikuwa fimbo. Nilikuwa nambeba kwa mkono mmoja kumpeleka juani."

"Basi huyu ni nani?"

Osia aliinama akatazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. "Huyo Vumilia, dada yangu. Mama angeshukaje mlimani kuja kusimama Langoni kwa magoti yale? Dada alimsimamia."

Alilisema kama mtu anayesema kwamba mto unateremka. Na Tusekile, aliyezaliwa pale, alimwelewa. Huko kwao, mlimani na ufukweni, mtu aliyekamatwa na viungo hakuachwa nyuma. Mwanawe au mdogo wake alimsimamia. Kwenye harusi alicheza kwa niaba yake, na watu wakamtaja mama aliyeketi, si binti anayecheza. Msibani alipiga magoti kwa jina lake. Damu ni moja, watu walisema, na mwili wenye nguvu ni wa nyumba nzima. Waliotengeneza Lango, huko walikokuwa, hawakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kumwazima mwenzake mwili.

Na Lango ndilo lililokuwa msingi wa kila kitu. Misuli ya mtu hutoa taka ndani ya damu, na figo huzichuja. Mlinzi alipima taka zilizobaki. Lakini ili ajue kama ni chache au nyingi, ilimpasa kwanza ajue misuli ya mtu huyo ni kiasi gani. Ndiyo sababu kila mgonjwa alitakiwa asimame mara moja ndani ya ule mnara wa vioo. Mtu aliyekondeshwa na ugonjwa hutoa taka chache hata kama figo zake zimekufa nusu. Mlinzi wa Mama Tweve alikuwa anaonja damu ya kikongwe aliyekauka akidhani ni ya mwanamke anayepandisha magunia ya viazi mlimani. Kila alipoonja alishangilia, na kila aliposhangilia alimwaga dawa.

Osia alikuwa anamtazama. "Umeona kitu," alisema.

"Nimeona."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia, na nitakisoma mbele ya watu. Nakuahidi. Lakini nipe leo tu."

Alihitaji siku ile kwa sababu moja. Pantoni ilipoleta Lango ufukweni, likasimikwa kwenye uwanja wa shule, Tusekile alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Mama yake hakuweza hata kufunga kitenge chake mwenyewe. Tusekile ndiye aliyevua viatu, akaingia kati ya vioo, akanyoosha mikono yake yenye afya, na alipoulizwa jina akalitaja la mama.

*

Mama yake, Atuganile, alikuwa mfinyanzi, kama walivyokuwa wanawake wote wa nyumba ile tangu zamani. Tusekile na Osia walimkuta bandani, ameketi na miguu ameinyoosha, anazungusha bonge la udongo ndani ya kigae. Ngumi zake zilisukuma udongo kutoka ndani, nao ukapanda, ukafanya kuta. Vidole vilikuwa vimepinda kuelekea upande mmoja, kama majani yaliyozoea upepo. Ugonjwa ulikuwa umeshavila kabla mlinzi hajaja. Lakini vilifanya kazi. Chini ya mtulinga wake, ndani ya ngozi, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka.

Osia alimwamkia. Mama akaitikia, akamchungulia, akaona kofia yake ya sufu ya watu wa Makete.

"Marahaba, mwanangu. Mkinga huyu. Mkinga hashuki mlimani bila mzigo. Haya, umetuletea nini? Viazi, au unataka kutuuzia baridi yenu?"

"Nimeshuka na mama," alisema Osia, akaonyesha mlinzi.

Mikono ya Atuganile ilisimama. Aliomba radhi, lakini Osia akamwambia asijali, marehemu mwenyewe alipenda utani, na angekasirika kama mwanawe angepita ufukweni bila kutaniwa. Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Osia akasimulia kwamba mama yake alinywea maji ya chungu cha huku huku maisha yake yote, akikataa ndoo za plastiki, na kwamba chungu hicho kilivunjika siku ya maziko katika zile pilika za kuleta maji.

"Basi hutapanda mikono mitupu," alisema Atuganile. "Nitakufinyangia kingine. Kikauke, kichomwe, uende nacho. Nyumba isiyo na chungu cha mama yake ina kiu."

Osia alipokwenda kupumzika kwa mwinjilisti wa kijiji, Tusekile alimwomba mama yake aoneshe miguu. Mama alisita, halafu akavuta kitenge. Vifundo vilikuwa vimevimba, vikang'aa. Tusekile alibonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki.

"Tangu lini?"

"Ni kukaa kwenye unyevu."

"Mama. Unajikuna?"

Mama alivuta kitenge akajifunika. Tusekile alikuwa amekuja na vijiti vya kale vya kupimia mkojo na chupa moja ya kipimo cha damu kisichojali misuli, kilichosahauliwa kwenye kabati la kituo tangu walinzi waletwe. Mkojo ulikuwa na povu. Kijiti kilibadilika rangi kabla hajakinyanyua vizuri. Alirudi kituoni na damu, akaipima. Figo za mama yake zilikuwa zimebaki robo, pengine na ushee. Alikaa na jibu lile akasikiliza mvua ikirudi juu ya bati, na akawaza jambo ambalo baadaye alilionea haya: kwamba angeweza kumpunguzia mama yake dawa kimya kimya na kuwaacha wengine mpaka masika yaishe, asimwambie mtu.

Badala yake alirudi bandani akamwambia mama yote. Alimweleza habari za misuli na taka, na za Lango. Mwisho akafika mahali pa yeye mwenyewe kusimama kati ya vioo.

Atuganile alikuwa ameendelea kusawazisha mdomo wa chungu kwa jani bichi. Alipomaliza ndipo alipozungumza.

"Nilikutuma mimi," alisema. "Usijibebeshe mzigo ambao hukuupanga."

"Nataka nimfunge mlinzi wako."

"Hapana."

"Mama, atakuua."

"Nilishakufa mara moja, Tuse. Umesahau? Ulikuwa mtoto, unaninywesha uji kwa kijiko kabla hujaenda shule, na ukichelewa unachapwa, na husemi kwa nini umechelewa. Ulinifunga kitenge. Ulinipeleka chooni. Siombi miaka. Naomba nisilishwe tena." Alinyanyua mikono yake yenye udongo. "Hii nimerudishiwa. Niache nife nayo."

Tusekile aliuliza, na hata yeye alisikia jinsi swali lilivyokuwa la kitoto: "Na mimi je?"

"Wewe ni tabibu," alisema mama. "Una ufunguo. Unaweza kunizima nikiwa nimelala. Ila ukifanya hivyo, usije ukaniita mama asubuhi yake. Chochote utakachofanya, nifanyie nikiwa macho."

*

Mratibu wa walinzi wa kanda, Daktari Lwitiko, alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Tusekile angefarijika kama angekuwa mbaya. Aliuliza maswali ya maana. Kisha akamweleza mambo yalivyo. Taarifa ya kosa la Lango ikiingia kwenye mtambo mkuu, mtambo hauna subira wala huruma: utamfunga kila mlinzi aliyepitia Lango lile, mwambao wote na milima yote, ndani ya saa moja. Kuwafungua kunahitaji kila mgonjwa asimame upya, mwenyewe, na Lango limekwama ng'ambo ya mito iliyofurika. Halitarudi kabla ya mwisho wa masika. Wagonjwa watabaki na panadol na maji ya moto. Dawa hii, akasema, ikikatwa ghafla, ugonjwa unarudi kama mwenye nyumba aliyekuta wavamizi ndani.

Daktari alipendekeza wasubiri. Masika yakiisha, wangewapima wagonjwa mmoja mmoja, taratibu, bila mtu kupoteza mikono yake.

"Na watakaokufa katikati?" aliuliza Tusekile.

"Sijui ni wangapi. Hata wewe hujui." Kisha akaongeza: "Mtu asiyeumwa huchagua figo, binti yangu. Anayeumwa huchagua leo. Mke wangu naye ana mlinzi. Sikukatazi. Nakwambia tu."

Kesho yake adhuhuri Tusekile aliwaita wenye walinzi kwenye ukumbi wa kituo. Walikuja kwa miguu yao, wakiwa wamejitwisha vikapu na wajukuu, watu ambao miaka michache nyuma wangebebwa kwenye machela. Taa za kijani ziliwaka juu ya vifua vyao kama bustani. Osia aliketi nyuma. Atuganile aliketi karibu na dirisha, mikono mapajani, hakumtazama binti yake.

Tusekile alisoma alichoahidi kusoma. Alisema jina la Mama Tweve, na rangi ya taa yake, na jinsi alivyokufa. Hakumtaja Vumilia. Alipofika hapo alisema badala yake kwamba yeye, Tusekile, alisimama Langoni kwa jina la mama yake, na kwamba anajua wengi humu walisimamiwa hivyo hivyo. Wazee waligeuziana shingo. Mabinti waliokuwa wamesimama ukutani walianza kutazama mikono yao, na Tusekile akatamani ayarudishe maneno yake mdomoni.

Bibi Lugano, mwenye ulimi wa pilipili, ndiye aliyeanza. "Binti, umengoja tuanze kucheza ndipo unazima ngoma."

"Sijazima bado, bibi. Nimekuja kuwaambia kabla."

"Ili tukushukuru?" Alimkumbatia mjukuu aliyekuwa mapajani mwake. "Huyu alipozaliwa sikuweza kumshika. Nilimtazama tu kama picha. Sasa unataka nimrudishe ukutani?"

Wengine walisema makali zaidi. Mzee mmoja alisema anajua figo ni kitu gani lakini hajawahi kuiona, ila goti lake analiona kila siku. Watu wakacheka, kisha hawakucheka tena. Mwanamke mmoja alilia bila sauti. Ndipo Bibi Lugano akageuka nyuma na kumuuliza Osia, kwa sauti ya chini kuliko aliyokuwa nayo, kama mama yake alikufa vibaya.

Osia alisimama, akavua kofia. "Hakuumwa, bibi," alisema. "Alikuwa anacheka. Ila siku mbili za mwisho hakutujua. Alikuwa ananiita mimi baba, anaomba apelekwe kwa mama yake. Vumilia alikuwa anamwambia, mama, ni mimi, na yeye anamuuliza, wewe nani."

Mvua ilisikika. Kisha Atuganile aliinuka pale dirishani. Aliinuka upesi, bila kushika kitu, na kila mtu akaona jinsi alivyoinuka.

"Jana nilimwambia huyu mtoto asinizime," alisema. "Na leo nikizungumza kwa ajili yangu, nitamwambia vilevile. Figo ni zangu. Lakini huko juu kuna mwanamke ambaye saa hii anajikuna na kumshukuru Mungu kwamba magoti hayamuumi. Hakuitwa kwenye mkutano huu. Sisi tumepewa nafasi ya kuchagua, yeye nani amempa?" Alimtazama Bibi Lugano. "Nina hofu, Lugano. Usidhani sina."

Bibi Lugano aliinamisha uso kwenye nywele za mjukuu wake. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba kama ni kufunga basi afungwe akiwa nyumbani kwake, si mbele ya watu.

"Tuma, mwanangu," alisema Atuganile.

Hawakukubaliana wote. Wawili walitoka wakipiga mlango, na mmoja wao hajamsalimia tena Tusekile mpaka leo. Tusekile aliwasubiri wafike majumbani, kisha akakaa mbele ya mashine akaandika taarifa. Alikosea jina la kituo, akafuta, akaanza upya. Alipotuma, alitoka barazani. Ufukwe wote ulikuwa umenyamaza. Kutoka nyumba ya kwanza kule chini, mtoto alisikika akisema kwa mshangao kwamba taa ya bibi imekuwa nyekundu.

*

Maumivu hayakuja siku ile. Yaliwaacha watu waanze kutumaini, kisha yakaja. Tusekile alipita nyumba kwa nyumba akiwa na panadol na mifuko ya mchanga wa moto, na dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe, zile zinazofanya kazi polepole, alizozipata kidogo kwa droni iliyofanikiwa kupenya mawingu. Alizigawa kwa waliozidiwa. Alitukanwa, akashikwa mikono, akaitwa muuaji na akaitwa binti yetu, wakati mwingine na mtu huyohuyo. Miguu ya mama yake ilipungua uvimbe. Kuhusu robo ile ya figo, kipimo kilisema haijashuka. Hakikusema zaidi, na Tusekile alijikataza kukiuliza.

Chungu cha Osia kilikuwa bado. Kile kilichokuwa bandani siku ile kilipasuka kikikauka, kwa unyevu wa masika. Osia alikuja kuaga. Barabara ya miguu ilikuwa imeanza kupitika, na wapagazi wa mwinjilisti wangempelekea mzigo wowote baadaye. Alisema chungu si kitu, mama asijisumbue. Alipokuwa anaondoka aliuliza lile alilokuwa amelibeba muda wote.

"Vumilia ataniuliza. Nimwambieje?"

Atuganile alikuwa amelala ubavu, vidole vimevimba kama ndizi mbivu, hawezi hata kufukuza nzi. "Mwambie alisimama kwa sababu mama yake hakuweza kusimama," alisema. "Mwambie na mimi ninaye aliyenisimamia, na sijamlaumu. Chungu utaletewa. Nimesema."

Asubuhi ya siku ya tatu baada ya Osia kupanda, mama alimwita Tusekile amketishe bandani. Alitaka kigae, udongo uliokandwa, na maji.

"Nitakanda mimi na kufinyanga mimi," alisema Tusekile. "Nimekuona tangu nizaliwe. Wewe nielekeze tu."

"Kanda. Kukanda ni kwa mtu yeyote. Lakini nikishaanza, niahidi hutanipokonya. Hata uso wangu ukikwambia nini."

"Mama."

"Nilimwambia yule kijana nitamfinyangia mimi. Sikumwambia nitasimamiwa."

Tusekile aliahidi. Alikanda udongo mpaka ukawa laini, akauweka kwenye kigae, akarudi nyuma.

Mama alichukua muda mrefu kuingiza ngumi. Haikufumba. Alitumia kifundo cha mkono, akausukuma udongo kutoka ndani, akapumzika, akausukuma. Jasho lilimtoka usoni pamoja na ubaridi. Ukuta ulipanda upande mmoja ukaanguka mwingine. Alianza upya. Mara moja alitoa sauti ambayo Tusekile hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, sauti fupi kama ya mbuzi, na mguu wa Tusekile ukawa umeshasogea mbele. Akaurudisha. Alikalia viganja vyake.

"Maji," alisema mama.

Tusekile alimwagia maji kwenye vidole, akarudi akakalia viganja vyake tena. Alihesabu michirizi kwenye bati ili asiangalie, kisha akaona kwamba kutoangalia nako ni kumwacha, akaangalia. Chungu kilikuwa kinapanda. Kilikuwa kinene, na tumbo lake halikuwa mviringo, lakini kilipanda. Mdomo mama aliusawazisha kwa jani akilishikilia kati ya vifundo viwili vya mikono, kwa sababu vidole vilikuwa vimekataa kabisa. Aliuzunguka mara moja. Jani likaanguka. Aliliokota kwa meno, akaliweka tena, akauzunguka mara ya pili.

Alipomaliza aliegemea ukuta, macho amefumba. Juu ya kifua chake taa nyekundu iliwaka bila kupepesa.

"Kimepinda," alisema.

"Kimepinda," alikubali Tusekile.

"Kitashika maji?"

Tusekile alitoa mikono yake chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, na kucha zilikuwa zimeacha alama viganjani. Alikikagua chungu pande zote bila kukigusa.

"Kitashika."

Mama alifumbua macho. Alitazama vidole vyake, vilivyojaa udongo, visivyosogea, kisha akamtazama binti yake. Kwenye jiko, uji ulikuwa tayari tangu asubuhi.

"Basi njoo," alisema. "Sasa nilishe."